Sketi Inayocheza Mwomboko

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Mungu wangu! Leo nimeona kitu. Naandika mbio, ndiyo sababu mwandiko huu unafanana na nyayo za kuku.

Mama alinituma mjini kwa duka la Mama Kirit nikanunue uzi mweusi. Mama Kirit ndiye yule Mhindi wa vitambaa ambaye miwani yake imefungwa kamba shingoni. Juu ya meza yake ya kukatia kulikuwa na pipa dogo la bati, wazi juu, limepasuliwa matundu membamba kuzunguka pande zote. Ndani, picha za farasi zimebandikwa duara. Nilidhani ni la kuwekea vifungo. Mama Kirit akalizungusha kwa kidole akaniambia, haya, chungulia hapo kwa tundu.

Farasi anakimbia! Farasi wa karatasi! Miguu inakunjuka, mkia unapepea! Nikapiga ukemi dukani. Mimi Wacera, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu, bila sauti.

Mama Kirit alisema pipa lilikuwa la babu ya mume wake, ati hivyo ndivyo watu walivyojifurahisha kabla ya sinema kuja. Nilikuwa na maswali mengi. Sikuuliza hata moja. Nikatoka mbio. Uzi nikausahau.

Lakini nikipanda mlima kurudi Gatitu, akili ikaanza kuchemka. Jumamosi kuna mashindano ya mavazi katika ukumbi wa kanisa, ile harambee ya mabati ya chekechea. Mshindi ataajiriwa na Mama Kirit kubuni mitindo dukani kwake. Na mimi nisiposhinda, napelekwa Nanyuki kwa Tata Kabura, dadake Baba, kufua shuka za hoteli. Baba ameshakata shauri. Anasema msichana aliyemaliza kidato cha pili hawezi kukaa nyumbani akichorachora kama mtoto. Mikono ya Tata Kabura nimeiona. Imejikunja kama maganda ya viazi.

Basi je, pipa lile likiwa sketi?

Hata kuliandika naogopa. Lakini nimeliandika.

Jumanne, 8 Agosti

Nimerudi kununua uzi. (Mama alinisema jana mpaka nikalia.) Nilipata nafasi ya kuhesabu pipa. Matundu na farasi ni sawasawa. Mama Kirit akanikuta nikihesabu kwa kidole. Nikaangalia viatu. Akacheka, akasema ndiyo, hapo ndipo siri ilipo: zamani wanawe waling'oa farasi mmoja, na wale wengine wote wakaanza kuhama. Badala ya kukimbia palepale, wakawa wanaenda zao, wanazunguka pipa kama wamefukuzwa. Ikabidi amchore mwingine.

Nimeelewa. Matundu kumi, picha kumi.

Mpango ni huu. Sketi pana, ngumu, duara kama pipa, inashikiliwa na waya juu na chini, na kamba za mabegani. Nje nyeusi, kutoka gauni la zamani la kwaya la Mama. Matundu kumi yanazunguka usawa wa magoti. Ndani, chini ya matundu, nashonea vikaragosi vya kitambaa. Anayevaa akizunguka, mtazamaji anachungulia tundu la mbele, anaona picha za upande wa pili zikicheza. Farasi hapana. Nyeri nani anataka farasi? Itakuwa mwomboko, ile dansi yetu ya kodiani! Mtu yeyote wa umri wa Baba akisikia kodiani ikianza mwomboko, mguu unaondoka wenyewe. Safu ya juu wanawake, safu ya chini wanaume. Hatua mbili, kujipinda, hatua mbili, kujipinda.

Nilihitaji mwanamume wa kuiga. Nakiri hapa tu kwamba wanaume naogopa kuwaangalia. Yule pekee niliyewahi kumtazama kwa muda ni Bw. Gicheru, maana hukaa mbele yetu kanisani. Kofia yenye unyoya wa kanga, koti refu, kitambi. Na Bw. Gicheru ndiye mwenyekiti wa kamati na mmoja wa waamuzi! Hapo nikajipongeza. Akijiona anacheza ndani ya sketi, atakosaje kunipa ushindi? Mwanamke nimemfanya mke wake, Mama Peterson, na kile kilemba chake cha njano na mkoba. Maskini haonekani kanisani tangu Juni. Bw. Gicheru husema ni mguu. Atafurahi kujiona anacheza bila maumivu.

Wakati mwingine naogopa akili yangu mwenyewe.

Jumatano, 9 Agosti

INACHEZA!

Niliitundika sketi kwa kamba kwenye boriti ya jikoni na picha za karatasi ndani. Kaka yangu Mutahi akaizungusha. Nikapiga magoti nikachungulia. Bw. Gicheru na mkewe, hatua mbili, kujipinda! Nilishtuka nikagonga kichwa kwenye sufuria ya githeri. Mutahi naye akachungulia akasema, "Si huyu ni mwenyekiti! Hata tumbo inatingika!" Nikamwapisha asiseme.

Cucu, nyanya yetu, alikuwa pembeni akimenya viazi. Nikawa nahesabu vikaragosi kwa sauti, msichana wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa. Kabla sijafika wa kumi akanitupia kiazi. Kilinipata sikioni. Akauliza shuleni walinifunza nini, kama ni kuhesabu watu kama mbuzi, tena wasichana, tena mpaka mwisho. Kwani sijui mabinti wa Mumbi, mama yetu sote Wakikuyu, ni tisa kamili na huyo mwingine hatajwi? Nataka kumuua nani? Nikamwambia ni karatasi, Cucu. Akasema karatasi iliyo na macho na miguu ni karatasi ya nani.

Wazee! Nikahesabu kimoyomoyo.

Sasa shida. Nani atavaa? Mimi kusimama mbele ya watu na kuzunguka? Heri kufa. Nikamwendea binamu yangu Ngendo, nyumba ya pili. Ngendo ana mdomo, ana kiuno, na haoni haya hata kidogo. Anashindana pia: gauni la vitambaa vya kochi vilivyofumwa, vyote vyeupe, ishirini na kitu, vimeunganishwa. Akitembea anafanana na sebule. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia ni malkia. Nikamwambia akivaa na yangu, watu watamwona mara mbili. Akasema sawa, lakini yake itangulie. Nikakubali haraka. Watu hukumbuka cha mwisho!

Alhamisi, 10 Agosti

Kushona kutwa. Vidole vimetobolewa kama chujio. Cucu alinionea huruma, akasema nimpe wale wanawake, yeye amesharembesha mito ya wazungu tangu kabla ya vita, hawa ni kazi ndogo. Nikampa safu ya wanawake yote, na utepe wa kuwashonea. Wanaume nikabaki nao.

Niliipaka sketi uji wa unga ili ikauke ikawa ngumu. Nikaianika. Kurudi, kuku! Kuku watatu wanaidonoa, jogoo amesimama juu kama amenunua. Nikapiga kelele. Mama akatoka akauliza gauni lake la kwaya limefikaje pale. Nikasema nalianika lipate hewa. 

Nimepaka tena.

Cucu amemaliza. Mishono midogo kama chawa. Kilemba cha njano kinang'aa. Nikamuuliza wametosha? Akasema wametosha kabisa. Nikashona safu yao juu ya wanaume wangu mpaka giza likaingia. Ni nzuri mpaka nahisi kulia.

Ijumaa, 11 Agosti

Balaa.

Ngendo alikuja kujipima. Akavaa, akazunguka, akajipenda. Halafu akauliza, mbona sioni chochote? Nikamwambia anayevaa haoni, anaona mtazamaji. Akauliza mtazamaji anaona vipi. Nikamwambia anainama, anaweka jicho kwenye tundu.

Akasimama.

Akaniuliza polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Wacera. Unataka Bw. Gicheru na wazee wa kanisa wapige magoti wachungulie ndani ya sketi yangu?"

Uui! Uui! Naapa sikuwa nimefikiria! Siku tano nawaza matundu, waya, uji, farasi, na hata mara moja sikuwaza kwamba katikati ya pipa kuna mtu! Niliwaka uso mpaka masikio. Ngendo akaivua kama imeshika moto. Akasema hata akipewa duka zima na Mama Kirit mwenyewe juu yake, hapana. Akaenda akicheka. Nilimsikia akicheka mpaka kwao.

Nikalala chini ya meza kama saa nzima. Nikaiona Nanyuki. Nikaziona shuka.

Kisha suluhisho likaja! Suruali! Baba ana ile ya Jumapili, nyeusi, ya sufu, imepigwa pasi. Nikivaa hiyo ndani, atakayechungulia ataona nini? Suruali ya mzee wa heshima. Hakuna aibu yoyote.

Itabidi nivae mimi. Ee Mungu, nipe kizunguzungu nisiwaone watu.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika nikiwa chooni. Ndipo penye komeo.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba mstari wa mbele, amevaa suruali ya kaki ya kazi, amenuna. Alitafuta ile ya Jumapili asubuhi yote. Ngendo akatangulia na vitambaa vyake, akageuka, akabusu hewa, akapigiwa makofi. Halafu Bw. Gicheru akasoma jina langu.  Mutahi alikuwa amepewa kazi ya kueleza, maana mimi siwezi. Nilimwandikia maneno mazuri kuhusu sanaa ya mwendo. Akasahau yote. Akapaza sauti: "Inameni mchungulie ndani!"

Akina mama wa kanisa, wale wa Mothers' Union, walivuta pumzi kwa pamoja, kama pazia linalopasuka. Mama alifunika uso kwa mkoba.

Kodiani ikaanza. Nikaanza kuzunguka.

Bw. Gicheru ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Mama Kirit naye, na miwani yake. Wengine wakasogea. Mimi sikuona chochote, nyuso zilikuwa mstari mmoja wa kahawia. Nilisikia tu. Kwanza magoti yakigonga sakafu. Kisha Bw. Gicheru: "Ni mimi! Angalieni, ni mimi! Hata kofia!" Alifurahi kama mtoto. Nikajua nimeshinda! Nikaongeza kasi.

Mtu akasema, na yule juu si ni Mama Peterson?

Kodiani ikakosea noti. Hilo sikulipenda.

Halafu sauti ya mwanamke: "Uui. Anamwacha." Nyingine: "Amempita! Amempita na huyu! Na huyu!" Mtu akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda. Kutoka nyuma kabisa mwanamume akaita, "Mwelekezeni! Giakanja ni upande ule!" Ukumbi ukapasuka. Kicheko kilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, mabati ambayo hatujanunua.

Bw. Gicheru akaniamuru nisimame. Nilitaka! Lakini kizunguzungu nilichoomba kilikuwa kimefika. Nilipojaribu kusimama, kamba za mabegani zikakatika. Sketi ikaanguka. Nikaruka nje nikabaki nimesimama katika suruali ya Baba.

Baba akasimama. Akasema neno moja tu: "Suruali."

Na sketi haikusimama! Iliendelea kuzunguka peke yake sakafuni kama sarafu, ikavuka jukwaa, ikashuka ngazi, ikaingia kati ya watu, na watu wakawa wanaifuata wameinama, wakipiga kelele, ameenda, ameenda, bado anaenda! Ilisimama miguuni pa mchungaji. Mchungaji alikuwa amechungulia. Nilimwona.

Mama anagonga mlango wa choo. Sitoki.

Jumapili, 13 Agosti

Nimetolewa.

Mama ameniambia yale ambayo kila mtu Gatitu alijua isipokuwa mimi. Hakuna mguu. Mama Peterson alimwacha Bw. Gicheru mwezi wa Juni akarudi kwao Giakanja na cherehani yake na ng'ombe mmoja. Watu wote walikuwa wamekubaliana kusema ni mguu. Miezi miwili kijiji kizima kimeuguza mguu ule kwa heshima. Wengine walikuwa wameshapeleka maziwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema huniulizi chochote, Wacera, wewe huongei na mtu, unaongea na daftari. Akauliza daftari lilikwambia nini.

Lakini bado sikuelewa. Jumatano mke alicheza palepale, na mume wake, vizuri! Nikaifungua sketi. Nikahesabu wanaume: kumi. Nikahesabu wanawake.

Tisa!

Nikamkimbilia Cucu. Wala hakustuka. Alisema ndiyo, mmoja alimwondoa, akawapanga upya wakaenea vizuri. Mimi nilitaka ashone wasichana wafike ile idadi halafu wajukuu zake waanze kuanguka mmoja mmoja? Tisa kamili, basi. Nikamwambia, lakini Cucu, wanaume uliwaacha kumi! Akasema wanaume ulishona wewe, hao ni shauri yako.

Kisha akauliza kama ni kweli Mama Peterson alionekana akimpita kila mmoja wao. Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema alichelewa kuondoka huyo.

Baba haongei. Suruali imetoboka gotini.

Jumatatu, 14 Agosti

Siwezi kuamini. Siwezi.

Saa nne gari la Mama Kirit likaingia uani. Mama akakimbia kuficha nguo za kuanika. Ngendo akatokea papo hapo, kama nzi. Mama Kirit akaketi, akanywa chai yote, akasema katika miaka yote ya kuuza kitambaa hajacheka namna ile. Akasema mashindano yamefutwa, Bw. Gicheru hataki kuyasikia, lakini nafasi dukani bado ipo, na yeye anataka mtu aliyelielewa pipa. Akaniangalia. Akasema kwa upole, haya Wacera, fanya kama mimi ni mteja, sijui chochote. Niambie sketi hii ni nini.

Maneno yalikuwepo! Nilikuwa nayo yote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Matundu, mwanga, jicho kushika picha moja mpaka nyingine ifike. Nikafungua mdomo. Kikatoka kitu kama pumzi ya ng'ombe. Nikaangalia viatu vyake. Vya kijani, vina ua mbele. Nikaendelea kuangalia ua.

Mama Kirit alingoja. Alingoja sana, kusema kweli. Mama alinifinya. Nikatoa pumzi nyingine.

Ndipo Ngendo akasema, "Mama, hebu ona," akachukua sketi, akaitundika kwa mkono, akaizungusha, akaeleza kila kitu nilichomwambia Jumatano na Ijumaa, neno kwa neno, na juu yake akaongeza kwamba inafaa harusi, ubatizo na kutoka jioni. Aliiuza sketi yangu kabla chai haijapoa kikombeni.

Mama Kirit alinishika bega alipoondoka. Alisema mtindo bila mdomo hauuziki, mwanangu. Ngendo anaanza Jumatano.

Ngendo hakucheka safari hii. Alisema, "Wacera, si ungesema tu?" Hilo liliuma zaidi.

Baba amesema neno lake la pili: "Nanyuki."

Alhamisi, 24 Agosti, Nanyuki

Siku ya tisa ya shuka. Mikono imeanza kuwa viazi. Tata Kabura si mbaya, ila anaimba akifua na anataka niitikie.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nimeapa. Hakuna tena mipango, hakuna picha, hakuna watu wa kweli ndani ya nguo. Nilijifunza, nikasema, nitakuwa mfuaji wa kawaida, mnyamavu.

Leo wameniingiza chumba cha mashine. Ina kioo cha duara mbele! Ndani, pipa la chuma lenye matundu pande zote, na shuka zinazunguka, na kupitia matundu niliona soksi moja nyekundu ikiruka, ikiruka, ikiruka, KAMA INACHEZA! Nikapiga ukemi. Tata akadhani nimeungua.

Mwezi ujao hoteli ina dansi ya wageni. Wahudumu watavaa aproni mpya. Nimeshamuomba Tata shuka mbili zilizochakaa, kwa maandishi, nikamwachia juu ya sabuni. Hakuna sketi safari hii, hakuna atakayechungulia chini ya mtu yeyote. Aproni pana, ya duara. Nimefikiria kila kitu.

Na safari hii nimemchagua mwanamume ambaye hakuna atakayemjua. Ni mgeni tu: mzungu mrefu, masharubu kama ufagio, fimbo kwapani. Huja hapa na mashati yake, na askari wote wanampigia saluti, sijui kwa nini, labda ni mcheshi. Atafurahi sana kujiona. Mwanamke nimemchora mkewe, yule mweupe wa nywele fupi anayekuja naye kila Jumatano. Kuna na mwingine wa Ijumaa, mwenye nywele nyekundu, anamshika mkono vilevile. Lazima ni dadake. Nitawashona wote wawili, asije mmoja akaona nimempendelea mwenzake.